Usafirishaji amilifu

Usafirishaji amilifu ni njia ambayo seli hutumia kupitisha ioni, molekuli na dutu nyingine kwenye utando wake, kutoka upande wenye ukolezi mdogo kwenda upande wenye ukolezi mkubwa. Kwa kuwa mwelekeo huo ni kinyume cha ule ambao dutu ingefuata yenyewe, kazi hiyo haiwezi kufanyika bila nishati. Kwa kawaida nishati hutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati katika seli za viumbehai wote, au kwenye tofauti ya ukolezi ambayo seli imekwisha kuijenga.

Kinyume chake ni usafirishaji tulivu, ambapo dutu hupita kwenye utando bila seli kutumia nishati.

Usafirishaji amilifu hufanyika katika bakteria, kuvu, mimea na wanyama. Ndio unaowezesha neva kupeleka habari, misuli kulegea baada ya kukaza, utumbo kufyonza chakula, figo kurudisha sukari katika damu na mizizi kuvuta madini kutoka udongoni. Ukisimama, seli hufa. Ukieleweka, unaweza kuokoa maisha: tiba ya kuhara kwa maji yenye chumvi na sukari inategemea protini moja ya usafirishaji iliyopo katika utumbo mwembamba.

## Utando wa seli

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba sana. Utando huo umeundwa na tabaka mbili za molekuli za mafuta ziitwazo fosfolipidi, na ndani yake zimepachikwa protini nyingi. Gesi kama oksijeni na dioksidi kabonia hupenya tabaka hizo kwa urahisi. Ioni na molekuli zinazoyeyuka katika maji, kama vile glukosi na asidi amino, haziwezi kupenya mafuta, hivyo hutegemea protini ili kuingia au kutoka.

Dutu yoyote iliyoachwa huru huelekea kusambaa kutoka pale ilipo nyingi kwenda pale ilipo kidogo, kama vile harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni inavyofika mpaka sebuleni. Jambo hilo huitwa mtawanyiko, na tofauti inayolisababisha huitwa mteremko wa ukolezi. Kwa ioni, zenye chaji ya umeme, ipo pia nguvu ya pili: chaji chanya huvutwa na upande wenye chaji hasi, na hasi huvutwa na upande wenye chanya.

Protini zinazopitisha dutu ni za aina kuu tatu:

* Mifereji ni kama matundu yenye milango. Mlango ukifunguka, ioni hupita kwa wingi na kwa kasi, lakini daima kwa kufuata mteremko.
* Vibebaji tulivu hushika dutu upande mmoja na kuiachia upande wa pili, nazo pia hufuata mteremko. Kwa njia hiyo glukosi huingia katika seli nyekundu za damu.
* Protini za usafirishaji amilifu hushika dutu, hubadili umbo kwa kutumia nishati, kisha huiachia upande ambako tayari ipo nyingi zaidi.

Kwa hiyo kuwepo kwa protini peke yake hakuufanyi usafirishaji uwe amilifu. Kinachoutofautisha ni kwenda kinyume cha mteremko na kutumia nishati.

## Tofauti kati ya ndani na nje ya seli

Maji yaliyo ndani ya seli ya mnyama yana ioni zilezile zilizomo katika maji ya nje, ila kwa viwango tofauti sana. Jedwali hili linaonyesha makadirio ya kawaida kwa mamalia, kwa milimoli katika lita 1.

| Ioni | Ndani ya seli | Nje ya seli |
|---|---|---|
| Sodiamu (natiri) | 5 hadi 15 | 145 |
| Potasiamu | 140 | 5 |
| Kalisi (ioni huru) | 0.0001 | 1 hadi 2 |
| Kloridi | 5 hadi 15 | 110 |

Sodiamu ni nyingi nje kuliko ndani kwa takriban mara 10 au zaidi, na potasiamu ni kinyume chake. Kalisi huru nje ya seli huzidi ile ya ndani kwa takriban mara 10,000.

Tofauti hizi hazidumu zenyewe. Utando una mifereji, na ioni huvuja kila wakati. Seli inafanana na ngalawa yenye tundu: itaelea maadamu yupo mtu anayekumba maji na kuyamwaga nje. Akiacha, maji ya ndani yatapanda polepole hadi yalingane na ya nje, na ngalawa itakuwa imezama.

## Aina za usafirishaji amilifu

Wanabiolojia hugawa usafirishaji amilifu kulingana na chanzo cha nishati:

* Usafirishaji amilifu wa msingi: protini hutumia nishati moja kwa moja, kwa kawaida kwa kuvunja ATP. Protini hizo huitwa pampu.
* Usafirishaji amilifu wa pili: protini haivunji ATP. Huruhusu ioni moja kushuka mteremko wake, na nishati ya mshuko huo hupandisha dutu nyingine.

Vitabu vingi vya shule huongeza hapa usafirishaji kwa vifuko, ambao pia hutumia nishati.

## Pampu ya sodiamu na potasiamu

Pampu inayojulikana zaidi ni ile inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Imo katika utando wa karibu kila seli ya mnyama. Kwa kila molekuli 1 ya ATP inayovunjwa, hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Mzunguko wake huenda hivi:

1. Pampu ikiwa wazi kwa upande wa ndani, ioni 3 za sodiamu hujishika kwake.
2. ATP huvunjwa, na kundi lake moja la fosfati hubaki limeshikamana na pampu.
3. Pampu hubadili umbo, hufunga upande wa ndani na kufungua upande wa nje. Katika umbo hilo haiwezi tena kushika sodiamu kwa nguvu, hivyo ioni hizo huachiwa nje.
4. Ioni 2 za potasiamu kutoka nje hujishika kwake, na fosfati huachana na pampu.
5. Pampu hurudi katika umbo lake la kwanza na kuachia potasiamu ndani. Mzunguko huanza upya.

Katika hatua zote pampu haiwi wazi pande mbili kwa wakati mmoja. Ingekuwa wazi hivyo, ioni zingepita kwa kufuata mteremko na kazi yote ingepotea.

Pampu hii ina kazi tatu kubwa.

Kwanza, hulinda ukubwa wa seli. Ndani ya seli zimo protini na molekuli nyingi zisizoweza kutoka, na hizo huvuta maji kwa osmosisi. Kwa kutoa sodiamu, pampu huzuia maji yasiingie kupita kiasi. Pampu ikisimama, sodiamu huingia, maji huifuata na seli huvimba.

Pili, huweka akiba inayowezesha umeme wa neva na misuli. Seli ya neva iliyotulia huwa na tofauti ya umeme ya takriban milivolti 70 kati ya pande mbili za utando, upande wa ndani ukiwa hasi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo husababishwa na potasiamu inayovuja kwenda nje kupitia mifereji, lakini potasiamu hiyo isingekuwa nyingi ndani bila pampu. Habari inapopita katika neva, mifereji ya sodiamu hufunguka kwa muda mfupi sana na ioni huingia kwa kasi.

Tatu, mteremko wa sodiamu unaojengwa na pampu hutumika kuendesha usafirishaji amilifu wa pili, kama inavyoelezwa chini.

Gharama yake ni kubwa. Katika mnyama aliyepumzika, pampu hii hutumia takriban robo hadi theluthi ya ATP yote, na katika ubongo sehemu yake ni kubwa zaidi. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni. Ndiyo sababu kiharusi huleta madhara haraka. Mshipa wa damu unapoziba, seli za sehemu hiyo ya ubongo hukosa oksijeni, ATP hupungua katika muda wa dakika chache, pampu husimama na seli huanza kuvimba.

## Pampu nyingine

Pampu ya kalisi. Misuli hukaza pale kalisi inapomwagika ndani ya seli kutoka kwenye ghala lake, na hulegea pale kalisi inaporudishwa ghalani. Kazi ya kuirudisha hufanywa na pampu inayosafirisha ioni 2 za kalisi kwa kila ATP. Kwa hiyo hata kulegea kwa msuli kunahitaji nishati. Mtu anapofariki na ATP kwisha, misuli hushindwa kuachana na mkazo, na hiyo ni sababu ya mwili wa marehemu kukakamaa baada ya saa kadhaa.

Pampu ya asidi ya tumbo. Seli maalumu katika ukuta wa tumbo husukuma ioni za hidrojeni (protoni) kwenda ndani ya tumbo na kuchukua potasiamu badala yake. Majimaji ya tumbo hufikia pH ya karibu 1, wakati ndani ya seli hizo pH ni karibu 7. Maana yake ni kwamba ukolezi wa protoni tumboni huzidi ule wa ndani ya seli kwa takriban mara milioni 1.

Pampu za protoni za mimea, kuvu na bakteria. Katika viumbe hawa, akiba kuu kwenye utando wa nje kwa kawaida ni mteremko wa protoni, si wa sodiamu.

Kundi la ABC. Hili ni kundi kubwa la protini zinazotumia ATP kusafirisha dutu za aina nyingi, zikiwemo mafuta, rangi za nyongo na sumu. Baadhi yake hulinda mwili kwa kutupa nje kemikali ngeni zilizoingia katika seli za utumbo, ini na ubongo.

## Usafirishaji amilifu wa pili

Nyumba nyingi za mjini zina tangi la maji juu ya paa. Mashine ya umeme hupandisha maji mpaka kwenye tangi, na baadaye maji hushuka yenyewe hadi bombani, hata umeme ukiwa umekatika. Usafirishaji amilifu wa pili hutumia kanuni hiyo. ATP hutumiwa kwanza na pampu kujenga mteremko wa sodiamu au protoni. Kisha ioni hizo zinaporudi kwa kushuka mteremko, hupita katika protini ambayo haiziruhusu kupita peke yake, bali pamoja na dutu nyingine.

Ikiwa dutu hiyo inaelekea upande uleule na ioni, huo ni usafirishaji wa pamoja. Ikiwa inaelekea upande wa pili, huo ni usafirishaji wa kubadilishana.

Mifano ni kama ifuatayo:

* Seli za utumbo mwembamba huingiza glukosi pamoja na sodiamu. Protini inayofanya kazi hiyo huitwa SGLT1, na hupitisha ioni 2 za sodiamu kwa kila glukosi 1.
* Seli za moyo hutoa ioni 1 ya kalisi kwa kubadilishana na ioni 3 za sodiamu zinazoingia.
* Tezi la shingo huvuta iodidi kutoka damuni pamoja na sodiamu, hadi ukolezi wa iodidi ndani ya tezi uzidi ule wa damu kwa makumi ya mara. Iodini hiyo hutumika kutengeneza homoni za tezi. Inapokosekana katika chakula, tezi huvimba na kuleta rovu, ugonjwa uliojulikana zamani katika sehemu nyingi za milimani. Ndiyo sababu chumvi ya mezani hutiwa iodini.

Kwa kuwa aina hii hutegemea mteremko uliojengwa na pampu, pampu ikizuiwa nayo pia husimama baada ya muda mfupi, ingawa yenyewe haigusi ATP.

## Chumvi na sukari dhidi ya kuhara

Kipindupindu husababishwa na bakteria Vibrio cholerae. Sumu ya bakteria hao huzifanya seli za utumbo zimwage kloridi nyingi ndani ya utumbo. Sodiamu na maji huifuata, na mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi za maji kwa siku moja. Asipopata tiba anaweza kufa katika muda wa saa chache kwa kuishiwa maji na chumvi.

Kunywa maji matupu hakutoshi, kwa sababu utumbo hauna pampu ya maji. Maji hufyonzwa kwa osmosisi tu, yakiifuata chumvi inayofyonzwa. Katika kipindupindu baadhi ya njia za kufyonza chumvi huzuiwa na sumu. Hata hivyo SGLT1, ile protini inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi, huendelea kufanya kazi. Mgonjwa akinywa chumvi na sukari pamoja, mambo hufuatana hivi:

1. Glukosi na sodiamu huingia pamoja katika seli ya utumbo kupitia SGLT1.
2. Pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyo upande wa seli unaoelekea damu, hutoa sodiamu na kuipeleka huko.
3. Glukosi hutoka kwenda damuni kupitia kibebaji tulivu.
4. Maji hufuata chumvi na sukari kwa osmosisi.

Katika mchanganyiko huo sukari si lishe tu. Bila glukosi, SGLT1 haipitishi sodiamu, na bila sodiamu haipitishi glukosi.

Katika mwaka 1968 watafiti wa kipindupindu mjini Dhaka, wakati huo Pakistani ya Mashariki na leo Bangladesh, walionyesha kwamba kunywa mchanganyiko huo hupunguza sana haja ya dripu kwa wagonjwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kupigania uhuru wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alitumia dawa hiyo katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, ambako dripu zilikuwa zimekwisha. Vifo miongoni mwa wagonjwa vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi asilimia 3.6.

Leo dawa hiyo hujulikana kwa kifupi chake ORS, na pakiti zake hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa ya Afrika ya Mashariki. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na UNICEF tangu mwaka 2002 una vitu hivi katika lita 1 ya maji:

| Kitu | Gramu |
|---|---|
| Glukosi | 13.5 |
| Kloridi ya sodiamu (chumvi ya kawaida) | 2.6 |
| Sitrati ya sodiamu | 2.9 |
| Kloridi ya potasiamu | 1.5 |

Vipimo hivi hutoa milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi katika kila lita. Potasiamu hufidia ile iliyopotea, na sitrati husaidia kurekebisha asidi iliyozidi katika damu.

Pakiti isipopatikana, hutumika mchanganyiko wa nyumbani wa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Kipimo ni muhimu. Chumvi nyingi mno ni hatari, hasa kwa mtoto, na sukari nyingi mno, kama ile ya soda, huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni na kuzidisha kuhara. Mgonjwa aliyeishiwa maji sana, asiyeweza kunywa au aliyepoteza fahamu anahitaji dripu katika kituo cha afya bila kuchelewa.

## Figo

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka damuni kila siku, lakini mkojo huwa lita 1 hadi 2 tu. Mengine yote hurudishwa damuni. Katika majimaji hayo huwamo takriban gramu 180 za glukosi, nazo karibu zote hurudishwa kwa usafirishaji wa pamoja na sodiamu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na protini iitwayo SGLT2.

Protini hizo zina kikomo. Mtu mwenye kisukari anapokuwa na glukosi nyingi mno katika damu, protini hujaa kazi na glukosi inayobaki hutoka katika mkojo. Glukosi hiyo huvuta maji, ndiyo maana dalili za kisukari ni pamoja na kukojoa mara kwa mara na kiu kali. Baadhi ya dawa za kisukari, kama dapagliflozini na empagliflozini, huzuia SGLT2 kwa makusudi ili sukari iliyozidi itolewe kwa mkojo.

## Mimea na viumbe wa majini

Vinyweleo vya mizizi huvuta nitrati, fosfati na potasiamu kutoka kwenye maji ya udongoni, ambako mara nyingi ukolezi wake ni mdogo kuliko ule wa ndani ya mzizi. Pampu husukuma protoni nje kwa kutumia ATP, kisha protoni zinaporudi ndani huingia pamoja na nitrati au fosfati.

Ili kutengeneza ATP ya kutosha, mizizi inahitaji oksijeni. Maji yakituama katika shamba la mahindi kwa siku kadhaa, hewa hutoweka udongoni na mizizi hushindwa kuvuta madini. Majani huanza kugeuka manjano ingawa mbolea ipo. Hii ni sababu mojawapo ya kuchimba mitaro na kulima kwa matuta katika maeneo ya mabondeni.

Viumbe wanaoishi katika chumvi hutumia usafirishaji amilifu ili kuitoa mwilini. Mchu (Avicennia marina), mmojawapo wa miti ya mikoko katika pwani ya Afrika ya Mashariki, una tezi za chumvi kwenye majani, na chembe nyeupe za chumvi huonekana juu ya majani hayo wakati wa jua. Kasa wa baharini hutoa chumvi kwa tezi zilizo karibu na macho, ndiyo maana huonekana kama wanalia wanapopanda ufukweni kutaga. Samaki wa maji baridi, kama sato, wana tatizo la kinyume: mwili wao hupoteza chumvi kwenye maji yanayowazunguka, hivyo seli za matamvua yao huvuta ioni kutoka majini.

## Usafirishaji kwa vifuko

Vitu vikubwa mno kwa pampu, kama protini nzima au bakteria, hupitishwa kwa vifuko vya utando. Utando hubonyea, hukizunguka kitu cha nje na kujifunga, na kifuko hubaki ndani ya seli. Hivyo ndivyo seli nyeupe za damu zinavyomeza bakteria. Kwa mwelekeo wa pili, kifuko cha ndani huungana na utando na kumwaga kilichomo nje. Hivyo ndivyo kongosho linavyotoa insulini na neva zinavyotoa kemikali za kupeleka habari. Kazi hizi hutumia nishati, lakini hakuna dutu inayopenya utando moja kwa moja.

## Sumu na dawa

Pampu ya sodiamu na potasiamu ina uhusiano wa zamani na Afrika ya Mashariki. Miti ya msunguti (jenasi Acokanthera) imetumiwa tangu zamani kutengeneza sumu ya mishale, kwa mfano na wawindaji wa Wakamba na Wawaata nchini Kenya. Mojawapo ya kemikali za sumu hiyo ni wabaini, ambayo jina lake limetokana na neno la Kisomali linalotaja sumu ya mishale. Wabaini hujishika kwenye upande wa nje wa pampu na kuizuia. Ikiingia damuni kwa wingi, moyo husimama. Panya mkubwa wa Afrika ya Mashariki, Lophiomys imhausi, hutafuna gome la mti huo na kujipaka sumu kwenye manyoya ya ubavuni ili kujikinga na wanyama wanaomwinda.

Kemikali za jamaa hiyo zinaweza pia kuwa dawa. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alieleza matumizi ya mmea Digitalis kwa wagonjwa waliovimba mwili. Dawa ya digoksini, inayotoka katika jenasi hiyo, huzuia pampu kwa kiasi kidogo. Sodiamu huongezeka kidogo ndani ya seli za moyo, kalisi hutolewa kwa kiasi pungufu, na moyo hukaza kwa nguvu zaidi. Tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo, hivyo dawa hii hutumiwa kwa uangalizi wa daktari.

Omeprazoli, inayotumiwa kwa vidonda vya tumbo na kiungulia, huzuia pampu ya asidi ya tumbo.

Usafirishaji amilifu unaweza pia kuzishinda dawa. Baadhi ya bakteria wana protini zinazotupa nje tetrasaiklini kwa kubadilishana na protoni, hivyo dawa haifikii kiwango cha kuwaua. Baadhi ya seli za saratani huongeza protini moja ya kundi la ABC, iitwayo P-glikoprotini, ambayo huzitoa dawa nje ya seli hizo.

## Historia

Mwaka 1902 Ernest Overton alionyesha kwamba msuli wa chura hushindwa kukaza ukiwekwa katika maji yasiyo na sodiamu. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani kwamba utando haupitishi sodiamu kabisa. Mwaka 1941 Robert Dean wa Marekani alitoa hoja kwamba sodiamu huingia katika msuli, kwa hiyo lazima iwepo pampu inayoitoa.

Mwaka 1953 Hans Schatzmann wa Uswisi aligundua kwamba kemikali za jamaa ya wabaini huzuia usafirishaji wa sodiamu na potasiamu katika seli nyekundu za damu. Mwaka 1955 Alan Hodgkin na Richard Keynes walitumia neva nene za ngisi na dome, wakaonyesha kwamba sumu zinazozuia utengenezaji wa nishati husimamisha pia utoaji wa sodiamu.

Pampu yenyewe ilipatikana mwaka 1957. Jens Christian Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, alichunguza neva za miguu ya kaa na kupata kimeng'enya kinachovunja ATP kwa kasi pale sodiamu na potasiamu zinapokuwepo pamoja. Baadaye alionyesha kwamba wabaini hukizuia, ushahidi kwamba kimeng'enya hicho ndicho pampu iliyokuwa ikitafutwa.

Mwaka 1960 Robert Crane alitoa mjini Praha wazo kwamba glukosi huingia katika seli za utumbo pamoja na sodiamu, na kwamba mteremko wa sodiamu ndio unaoivuta. Mwaka 1961 Peter Mitchell wa Uingereza alipendekeza kwamba hata ATP yenyewe hutengenezwa kwa kutumia mteremko wa protoni kwenye utando, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978.

Skou alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1997, miaka 40 baada ya ugunduzi wake. Nusu nyingine waligawana Paul Boyer na John Walker kwa kueleza jinsi ATP inavyotengenezwa. Umbo kamili la pampu ya kalisi lilichapishwa mwaka 2000 na kundi la Chikashi Toyoshima nchini Japani, na la pampu ya sodiamu na potasiamu mwaka 2007.

## Tazama pia

* Seli
* Osmosisi
* Protini
* Figo
* Kipindupindu
* Mikoko